Dada Aliyesaka Maisha ya Wakemia

Waliomwosha marehemu wanasema gundi ilikuwa imeganda chini ya ukucha wa kidole gumba, na maji ya moto hayakuiondoa. Wakaiacha, akazikwa nayo, Mungu amlaze pema. Gundi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na wadogo zake tangu alipotoka shule akiwa kidato cha pili, siku chache baada ya mama yao kuzikwa, kitinda mimba akiwa hajajua hata kufunga kamba za viatu.

Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maktaba ya mji: dirisha, meza ndefu, mashine ya kubana, sufuria mbili za gundi, na harufu ambayo mtu akishaizoea haisikii tena. Vitabu vilimfikia kama majeruhi. Kimoja kimeng'oka jalada, kingine kimelowa, kingine kimekaliwa na mtoto. Alivishona, akavibandika, akavibana, akavirudisha rafuni vikiwa wima. Ila jambo moja watu hawakuliamini walipoambiwa: hakuwa akivisoma.

"Daktari wa meno hali kwa meno ya wagonjwa," alikuwa akiwajibu.

Kitabu alichokisoma ni kimoja tu, kile cha Mungu, na hicho hakikumpita alfajiri hata moja.

Kitinda mimba ndiye aliyesoma mpaka juu. Dada alimsomesha kwa kushona kurasa za watu wengine, naye akatoka chuoni akiwa mkemia, akaajiriwa kiwanda cha sabuni, chumba cha vipimo. Tangu utoto alikuwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kufunua. Sufuria ikifunikwa, afunue. Kidonda kikifungwa kitambaa, afungue aone kama kimepona. Dada alimpiga makofi ya mkononi mpaka akachoka mwenyewe. Alipokua, ugonjwa ukageuka kazi, maana mkemia analipwa ili afunue na atazame.

Asubuhi ya Jumanne moja akafunua mfuniko wa pipa la kostiki, ile dawa kali inayochanganywa na mafuta yakawa sabuni. Miwani ya kujikinga alikuwa ameipandisha kwenye paji la uso kwa sababu ilikuwa imeingia ukungu. Mvuke ukasukuma, dawa ikaruka. Wenzake wakamkokota mpaka bombani, wakamwagia maji usoni bila kukoma hadi gari lilipofika. Dada alipoingia wodini alimkuta amelala chali, macho yote mawili yamefungwa bandeji nyeupe nene, mdomo umekauka.

Daktari wa macho hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimvuta Dada kando, karibu na sinki.

"Mama, ngozi ya juu ya jicho inaota upya. Ni laini kama utando wa maziwa. Akiifikicha, au akifungua bandeji kabla ya wakati, itachanika, na ikichanika mimi sina nyingine ya kumpa. Tutafungua Ijumaa. Mpaka Ijumaa alale, asiguse."

"Na Ijumaa ataona?"

"Asipogusa, ana nafasi. Akigusa, usiniulize tena."

Dada aliitikia kwa kichwa. Alimjua mgonjwa kuliko daktari alivyomjua.

Jumanne hiyohiyo nesi alimfumania dole gumba likiwa limeshaingia chini ya bandeji. Akasema akirudia tena watamfunga mikono kwenye chuma cha kitanda, kama wanavyowafunga wanaoweweseka. Dada akamsihi amwachie yeye. Akavuta kigoda, akakaa upande wa kichwani.

"Hivi wewe unataka nini?"

"Nataka kujua, Dada."

"Utajua Ijumaa."

"Ijumaa ni ya daktari. Mimi niko humu ndani peke yangu. Nichungulie kidogo tu, kama naona mwanga, nifunge tena. Nani atajua?"

"Jicho litajua."

Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na dereva wa lori aliyevunjika mguu, umeninginizwa juu kwa kamba na mzigo. Alikuwa amelala hapo muda mrefu na kila lililosemwa wodini alilihesabu kuwa lake.

"Mkemia, jikaze kisabuni," akasema. "Si ndiyo kazi yako?"

"Wewe dereva, angalia mguu wako usije ukapitiliza kituo."

Dada akatoa kitabu cha Mungu kwenye mkoba. Mdogo wake akasikia kurasa, akainua mkono.

"Dada, hicho nakiheshimu. Nimekisikia tangu nikiwa tumboni. Lakini ukifika kwenye vipofu wanaoponywa, Mungu anisamehe, nitaing'oa hii bandeji nione kama ni zamu yangu."

Dada akakifunga polepole. "Nikusomee nini basi?"

"Nisomee watu wa kazi yangu. Wakemia. Siyo hesabu zao, maisha yao. Waliishi vipi, walikosea wapi, nani alimuunguzia nani shati. Na yawe matamu, Dada. Nikichoka kusikiliza, mikono itaanza kutembea, najijua."

"Kwani wakemia wana maisha?" akauliza dereva.

Kesho yake Dada akaenda upande wa mbele wa maktaba, alikokuwa akipita kila siku bila kusimama, akamwomba mkutubi ampe maisha ya mkemia, yaliyo matamu. Mkutubi alikuwa bwana mpole mwenye sweta la kijani. Alifikiri, akapanda ngazi, akashuka na kitabu kinene chenye maandishi ya dhahabu.

"Hiki ndicho bora tulicho nacho. Kimeandikwa kwa utafiti mkubwa."

Dada alikipima mkononi. Mgongo ulikuwa umenyooka, mgumu, kama wa askari siku ya gwaride. Hakukitilia shaka. Alibeba, akaenda, akasoma.

Mkemia aliyeandikwa humo alizaliwa, akafaulu, akafaulu tena. Akapewa nishani, akawa katibu wa kamati, akawa mwenyekiti wa kamati, akasafiri kwenda kupokea nishani nyingine. Dereva alianza kukoroma kabla ya nishani ya tatu. Dada alikuwa anasoma kwa jicho moja, jingine liko kwenye blanketi. Vidole vya mdogo wake vilikuwa tumboni. Baadaye vikawa kifuani. Mwenyekiti alipofungua mkutano mkuu, vidole vikawa shingoni.

"Huyu alikuwa mkemia au mwenyekiti?" mdogo wake akauliza, na kidole cha shahada kikagusa ukingo wa bandeji.

"Mkono!"

"Unawasha."

"Mkono chini, nimesema!"

Akauteremsha kama mtu anayeteremsha mzigo wa mtu mwingine.

Mchana akarudi na kitabu kingine, chembamba. Hiki hakikuwa na kamati. Kilikuwa na vifo. Mkemia aliondokewa na mke, kisha na watoto, kisha maabara ikaungua. Dada alijaribu kuchangamsha sauti, lakini misiba haichangamki kwa sauti. Mdogo wake akageuzia uso ukutani, jambo alilokatazwa.

"Dada, mpaka mbwa amekufa," alisema. "Funga. Nikilia, chumvi inaingia."

Hapo Dada alifunga haraka kuliko alivyowahi kufunga kitabu chochote. Akatoka, akasimama kwenye korido karibu na ndoo za kudekia, akaomba kwa maneno mafupi kama alivyozoea: Ee Mungu, mimi sijui vitabu, nionyeshe kimoja.

Na pale pale akakumbuka kwamba kumbe vitabu anavijua, isipokuwa anavijua kwa nje. Kitabu ambacho watu hawakukipenda hurudi kwake baada ya miaka kikiwa na vumbi tu. Kitabu kilichopendwa humfikia kimevunjika mgongo, nyuzi zimelegea, pembe za chini zimekuwa nyeusi kwa madole gumba. Alikuwa ametafuta kwenye rafu, na vilivyokaa rafuni ni vizima kwa sababu hakuna aliyevigusa. Vitamu vilikuwa vimelala karakanani kwake, vinasubiri sindano.

Akarudi kwenye lundo la majeruhi na kuanza kulipekua. Chini kabisa akakuta kitabu cha mkemia mzee aliyeandika maisha yake mwenyewe. Mgongo ulikuwa umekatika kabisa. Pembe zilikuwa nyeusi tii. Alipokiweka mezani kilijifungua chenyewe mahali pamoja, katikati, kama mlango uliozoea mgeni. Fundi yeyote wa vitabu anajua maana yake: hapo ndipo wasomaji waliporudi tena na tena. Dada alifurahi kweli. Hakupatazama palisema nini. Alikibana kwa utepe kisisambaratike, akakitia mkobani, akaondoka akimshukuru Mungu njia nzima.

Na kilikuwa kitamu. Mzee yule alianza na utoto wake, alivyoichovya nguo ya kanisani ya bibi yake kwenye rangi aliyoibuni mwenyewe, ikatoka na rangi ambayo hakuna aliyeweza kuitaja. Akaja kwenye ujana, akipanga chumba kwa mama mmoja aliyemfukuza kwa sababu majaribio yake yalinuka kama mayai yaliyooza, kisha akamfuata barabarani kumrudisha, maana panya wote walikuwa wamehama nyumba. Dereva alicheka mpaka mzigo wa mguu ukagonga chuma. Nesi, aliyepita na trei, akasimama "dakika moja tu" akasahau trei. Mdogo wake Dada alikuwa ametulia tuli. Vidole vilikuwa kwenye blanketi, na hapo vilibaki mpaka Jumatano ikaisha.

Alhamisi mchana Dada akafika katikati ya kitabu, pale kilipovunjika.

Alianza bila wasiwasi wowote. Mkemia alikuwa sasa na maabara yake. Alikuwa ametia dawa ndani ya mrija wa kioo, akauziba mrija kwa moto pande zote mbili, akauweka kwenye tanuri. Alipaswa kuuacha mpaka tanuri ipoe.

"Anajua mambo huyu," mdogo wake akanong'ona. "Endelea."

Dada akavuta pumzi, na jicho likamtangulia mstari mmoja. Likaona neno kioo. Likaona uso. Likaona damu, na chini zaidi likaona neno ambalo hakutaka kulitamka ndani ya chumba kile. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini kitabu kilijifungua pale: watu hurudia utamu, na hurudia pia mahali palipowatisha. Mgongo hausemi ni kipi kati ya hivyo viwili.

Akalamba kidole, akageuza karatasi mbili kwa pamoja, akaangukia mahali penye amani.

"'Mwaka uliofuata,'" akasoma, "'nilikwenda mjini kununua viatu, na muuza viatu alikuwa kiziwi...'"

"Ngoja."

"Nini?"

"Mrija uko wapi?"

"Mrija gani?"

"Dada. Mtu ameziba mrija pande zote mbili, ameuweka kwenye moto, halafu yuko mjini ananunua viatu? Hakuna mkemia duniani anayeacha mrija kwenye tanuri akaenda kununua viatu. Umeruka."

"Karatasi zimeshikana. Si unajua ni kitabu kibovu."

"Wewe ndiye fundi wa karatasi zilizoshikana." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ulipasuka. Sivyo? Ulipasuka usoni kwake."

Dereva akajikohoza, akatazama dari.

"Alipofuka," mdogo wake akasema. "Ndiyo maana umeruka. Daktari amekwambia kitu. Nyote mnajua, mmebaki kunipigisha hadithi mpaka Ijumaa." Mkono ukapanda. Haukutembea safari hii, uliruka. Dole gumba likazama chini ya bandeji, shavuni, na kitambaa kikaanza kuinuka. "Naangalia sasa hivi."

Nesi alikuwa mwisho wa wodi, ameinama kwa mgonjwa mwingine. Dada angeweza kupiga kelele. Nesi angekuja na mikanda, na mdogo wake angepigana na mikanda, kichwa kikirukaruka juu ya mto. Angeweza kumdaka mkono, lakini mkono wa mwanamume akivutana nao ungekwenda na bandeji na kila kitu. Angeweza kuendelea kudanganya. Akasema moyoni, Bwana nishike ulimi, na kwa sauti akasema polepole, kama anavyosema mtu aliyeshika glasi iliyojaa:

"Daktari hajaniambia chochote ambacho hakukwambia. Niliruka kwa sababu niliogopa. Toa mkono, nitasoma ukurasa wote, neno kwa neno. Usipoutoa, nakifunga na hutajua kilichompata huyu mzee mpaka unaingia kaburini."

Dole gumba likasita.

"Neno kwa neno?"

"Nikiruka hata nukta, Mungu ananiona."

Hapo ndipo alipomshika. Mtu mwenye ugonjwa wa kujua huwezi kumzuia kwa kumficha. Labda umzuie kwa kumwahidi. Kitambaa kikarudi chini. Mkono ukakaa shavuni, nje ya bandeji, ukisubiri.

Dada akarudisha karatasi mbili, akasoma. Mkemia mzee aliandika kwamba hakuweza kungoja tanuri ipoe. Alitaka kuona tu. Alifungua mlango wa tanuri, akainama, na mrija ukamjia usoni. Jicho la kulia liliondoka siku hiyohiyo. La kushoto lilijaa unga wa kioo na dawa, wakalifunga, wakamwambia angoje. Dada alisoma, na hakuruka. Akafika kwenye mistari ambayo pembeni yake karatasi ilikuwa imechakaa zaidi.

"'Watu huniuliza jicho la kushoto lilipona kwa dawa gani,'" akasoma. "'Wengine wanadhani nilikuwa mvumilivu. Sikuwa. Lilipona kwa sababu mikono yangu yote miwili ilikuwa imeungua na imefungwa kama vitoto viwili kwenye nepi. Nisingekuwa nimeungua mikono, ningelipofua mwenyewe kwa kuchungulia.'"

Dada alitazama mkono ulioko shavuni.

"Rudia," mdogo wake akasema.

Akarudia.

"Dada."

"Naam, baba."

"Nifunge."

"Nini?"

"Mikono. Mimi sijaungua mikono. Nimejitahidi tangu Jumanne, na usiku ukiingia sijui itafanya nini. Nikiwa macho naweza kukuahidi. Nikilala, siwezi. Nifunge wewe. Usimwite mwenye mikanda."

Mkobani Dada alikuwa na kipande cha kitambaa kigumu cha kuimarishia migongo ya vitabu. Hatembei bila hicho. Akaiweka mikono ya mdogo wake juu ya tumbo, kiganja juu ya kiganja, akaizungushia kitambaa, akafunga fundo la karakanani, lile ambalo halikazi likaumiza na halilegei mpaka likatwe. Alifunga akiwa ameuma midomo. Mara ya mwisho kuishika mikono ile kwa pamoja ilikuwa ya kuiosha matope.

"Inakubana?"

"Iko sawa."

"Sasa pua ikiwasha atakunwa na nani?" dereva akauliza.

"Wewe."

"Kwa mguu upi?"

Nesi alipofika akaona mikono, akafungua mdomo, akamtazama Dada usoni, akaufunga. Dada aliendelea kusoma. Mzee aliagiza jicho la kioo, likaja na kiputo cha hewa ndani, naye kama mkemia hakuweza kuvumilia kioo kibaya, akalirudisha kiwandani na barua ya matusi, wakamletea jingine lenye viputo viwili. Mdogo wake alicheka kwa pua, kwa uangalifu, kichwa hakikutikisika. Usiku huo Dada aliomba ruhusa akalala sakafuni kando ya kitanda, ncha ya kitambaa ameishikilia. Haikuvutwa hata mara moja.

Ijumaa daktari alikuja na taa ndogo na mkasi. Akavuta pazia, akapunguza mwanga. Alipoona mikono akauliza ni nani aliyefunga fundo la namna hiyo. Dada akasema ni fundi. Daktari hakucheka. Akaanza upande wa kushoto. Safu ya kwanza, ya pili, kisha pamba. Kope zilikuwa zimegandamana, akazilowesha, zikaachana.

"Unaona nini?"

Mdogo wake akapepesa kope mara mbili.

"Hakuna," akasema. "Giza. Giza la kijivu."

Dada alishika chuma cha kitanda. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Daktari alimulika, akamulika tena kwa pembeni, akaandika kitu, akafunika jicho lile kwa pamba mpya. Akahamia la kulia. Safu ya kwanza, ya pili. Dereva alikuwa amejiinua kwa viwiko kadiri mguu ulivyomruhusu.

"Na hapa? Vidole vingapi?"

"Usinisaidie," mdogo wake akasema. "Nipe muda. Usisogeze mkono." Jicho lilikuwa jekundu, limejaa maji, halikuwa limetulia. "Viwili. Hapana. Viwili na dole gumba. Na una pete."

"Ninayo," daktari akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akatabasamu.

Dada alikalia kigoda. Machozi yalitoka upande mmoja yakiwa ya shukrani na upande mwingine yakiwa ya lile la kushoto, hakujua ayafute yapi kwanza. Daktari akakata kitambaa cha mikono, akasema jicho hilo moja litahitaji matone na uangalifu maisha yote, na la pili tumwachie Mungu. Mdogo wake hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amegeuza kichwa polepole, kama alivyoagizwa, akimtafuta aliyekuwa akisoma.

Akamwona. Akamtazama kwa muda.

"Dada," akasema, "umezeeka."

"Ndiyo kwanza umeona?"

"Una mvi hapa mbele. Tangu lini?"

"Tangu Jumanne," Dada akamjibu, akainamisha kichwa kwenye blanketi, na mikono miwili iliyokuwa imeachwa huru dakika ile ikamshika kisogoni, haikwenda kwingine.